Niliyojifunza kwa kufundisha evolusheni huku kanda ya ziwa

Nimefundisha Baiolojia sekondari miaka mingi sasa, sehemu kubwa huku kanda ya ziwa, kwanza shule za kata na baadaye shule moja ya masista, na kama kuna mada ambayo imenifundisha mimi kuliko ninavyowafundisha watoto basi ni evolusheni, yaani viumbe kubadilika kizazi baada ya kizazi. Watu wakisikia mjadala wa evolusheni na uumbaji mashuleni wanawaza Marekani, kesi, mawakili, wazazi wamefurika kwenye vikao. Huku kwetu sijaona kesi. Mada ipo kwenye muhtasari, ipo kwenye kitabu, NECTA, baraza la mitihani, wanaitungia swali, na katika shule zote nilizopita sijaona askofu wala sheikh amekuja kudai ifutwe. Shida yetu ni nyingine na mimi naona ni nzito zaidi: tunaifundisha bila kuifundisha.

Nieleze vizuri. Kidato cha kwanza mwalimu wa Historia anaingia, anaandika ubaoni nadharia mbili za chimbuko la binadamu, ya uumbaji na ya evolusheni, anapanga yale majina kuanzia Australopithecus mpaka Homo sapiens, watoto wanakopi, alafu anakung'uta chaki mikononi anasema haya mkiulizwa kwenye mtihani andikeni hivi, ila sisi tunajua Mungu ndo katuumba, sawa? Darasa zima sawaaa. Imeisha hiyo. Kidato cha nne wanakutana nayo tena kwenye Baiolojia, safari hii ni Lamarck na twiga, Darwin na ndege wa Galapagos, alafu ile orodha ya ushahidi ambayo kila mwanafunzi anaikariri kama ilivyo, visukuku, ulinganisho wa maumbile, ulinganisho wa viinitete, mtawanyiko wa viumbe kijiografia, na mwisho wa kipindi inarudi sentensi ileile ya andikeni hivi kwa mtihani. Wengine hawafiki hata huko, mada iko mwishoni mwa muhtasari, moko (mtihani wa majaribio) imekaribia, mwalimu anasema hii mtajisomea.

Kinachoniuma ni kile mtoto anachobeba akitoka pale. Anabeba kwamba sayansi ni maneno ya kujazia karatasi. Na hiyo tabia haibaki kwenye mada moja, akifika kwenye chanjo ni hivohivo, akifika kwenye dozi ya antibayotiki ni hivohivo, atakutajia yote kwa kingereza safi na nyumbani akafanya kinyume. Nina mwanafunzi wangu wa zamani sasa hivi ni nesi kwenye zahanati, aliniambia kwake wanaomsumbua kwa kukatisha dozi sio bibi zetu wasiojua kusoma, ni watu waliomaliza kidato cha nne, wamesoma usugu wa vijidudu na maksi zake walipata.

Sasa swali la kwanza kila mwaka ni lilelile, "mwalimu kwani wewe unaamini tulitokana na nyani?" na la pili linafata hapohapo, "kama tulitokana na nyani mbona nyani bado wapo?" Walimu wengi wanayaogopa haya maswali, wengine wanampiga mtoto mkwara akae chini. Mimi nimejifunza kuyaandika kona ya ubao, siyafuti, nawaambia haya nitajibu yote mawili na sikwepi, ila tuanze na samaki.

Huku kwetu kila mtoto anamjua furu. Wale samaki wadogo wenye miiba mgongoni wanaouzwa kwa mafungu, wavuvi wanawafanya chambo cha sangara. Natuma vijana wawili alfajiri waende mwaloni waniletee furu mchanganyiko, wa kwenye mawe na wa kwenye tope, nawaambia msichague, chukueni kama wanavyotoka kwenye wavu. Hata shule isiyo na maabara hili linawezekana, meza mbili chini ya mwembe, nyembe, ndoo ya maji na karatasi nyeupe basi. Furu ana taya la mdomoni la kudakia, na nyuma kule kooni ana taya lingine la kusagia. Unampasua nyuma ya matamvua, unachomoa kile kijitaya cha chini cha kooni, kiko kama pembetatu hivi, unakisugua na mswaki wa zamani mpaka nyama itoke, unakiweka kwenye karatasi. Ukiviweka kumi mstari mmoja darasa linanyamaza lenyewe. Kimoja mfupa mwembamba, meno membamba yamesongamana hata huwezi kuyahesabu. Kingine kutoka kwa samaki wa saizi ileile mfupa ni mnene, meno machache makubwa ya mviringo yamelika juu. Ukirudi kwenye tumbo la huyu wa pili unakuta vipande vya magamba ya konokono. Watoto wanasema wenyewe kabla sijauliza, huyu anavunja konokono. Alafu tunanyoosha utumbo, anayekula samaki wenzie utumbo wake mfupi, anayekwangua mwani kwenye mawe utumbo mrefu umejizungusha tumbo zima. Hapo hakuna aliyekariri kitu, wameona kwa macho na mikono inanuka furu.

Ndo sasa naanza kuwaambia. Kwamba ziwa letu lina spishi kama 500 za hawa samaki na karibu zote hazipo sehemu nyingine duniani. Kwamba wanasayansi walichimba tope la chini kabisa ya ziwa wakakuta udongo wa nchi kavu wenye mizizi ya nyasi, maana yake kama miaka 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka, watu wangeweza kutembea kwa miguu pale ambapo leo meli inapita. Maji yaliporudi waliingia samaki wachache kutoka mitoni, wakakuta ziwa tupu lenye kila aina ya chakula na kila aina ya makazi, na kutoka kwa hao wachache ndo wakatoka hawa wote waliopo mezani. Na kuna spishi imepewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, dume lake mgongo mwekundu, na ndugu yake Pundamilia pundamilia dume lake limekaa kibluu. Darasa linalipuka wakisikia hayo majina, hawakuwahi kuambiwa kwamba mzee yumo kwenye vitabu vya evolusheni na ni kwa samaki wa hapahapa. Pale kisiwa cha Makobe ambapo maji ni maangavu, jike anachagua dume kwa rangi, wekundu na wekundu, wabluu na wabluu, spishi zinakaa mbali. Ukija sehemu maji yamechafuka tope jike haoni rangi vizuri, wanachanganyika, mpaka unashindwa kusema huyu ni yupi.

Alafu sangara. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, miaka ya 1980 akalipuka, akamla furu mpaka inakadiriwa spishi kama 200 zikapotea. Wachache waliobaki walirudi kuonekana Ghuba ya Mwanza miaka ya 1990 sangara alipovuliwa sana, na watafiti walipowapima wakalinganisha na wale waliohifadhiwa kwenye chupa toka zamani wakakuta baadhi yao matamvua yameongezeka ukubwa, kwa sababu maji ya sasa yana oksijeni kidogo. Miongo miwili tu. Mtoto anayeambiwa evolusheni ni hadithi ya mamilioni ya miaka kisiwa cha mbali huko Galapagos, anaanza kuona kwamba imetokea wakati baba yake anavua.

Kuna kijana mmoja, mtoto wa mchungaji, alinyoosha mkono akasema mwalimu sawa, wamebadilika, lakini si bado ni samaki? Nilimpongeza mbele ya wenzake na leo bado nampongeza kwa sababu ndo swali lenyewe. Furu anakuonesha namna mabadiliko yanavyotokea, peke yake hakuthibitishii kwamba binadamu naye yumo. Mwalimu akijifanya hajasikia hapo amepoteza darasa. Nilimwambia nipe wiki moja.

Wiki hiyo tulianza na malaria, maana huku nani hajaugua. Nikawatuma wakaulize nyumbani zamani dawa ilikuwa ipi. Wakarudi na stori za klorokwini, bibi wanakumbuka ilivyokuwa inawasha mwili mzima. Mbona iliachwa? Kwa sababu vimelea vichache vilivyoweza kuistahimili ndo vilivyobaki vikazaana, vile dhaifu vikafa, mwisho dawa ikawa haitibu, mwaka 2001 nchi ikahamia SP, nayo haikukaa, ikaja dawa ya mseto ambayo ndo wanaijua wao. Na Malawi waliacha klorokwini mwaka 1993, baada ya miaka kadhaa vimelea visivyoistahimili vikarudi kutawala, kwa sababu bila ile dawa usugu haukuwa na faida tena. Hiyo ni evolusheni imeenda na imerudi. Hapa hata mtoto mwenye msimamo mkali wa dini hana neno, mwenyewe kameza hizo dawa.

Kisha selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na hapa naomba walimu wenzangu tuwe na adabu kwa sababu karibu kila shule huku kuna mtoto anayeishi nayo. Mimi huwa namwita kwanza pembeni namuuliza kama nikifundisha hili atakuwa sawa. Binti mmoja aliniambia mwalimu fundisha, na mimi nataka kujua. Nikafundisha. Kwamba daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka kupima damu za watu Afrika Mashariki akakuta kitu cha ajabu, kile kirithi kinacholeta selimundu kiko kwa wingi kwa watu wa pwani na wa kuzunguka Ziwa Victoria, ukipanda nyanda za juu zenye baridi kinapotea. Mwaka 1954 akatoa jibu: ukirithi kwa wazazi wote wawili unaumwa, lakini ukirithi kwa mmoja tu unakuwa mzima na malaria kali haikuui kirahisi. Kwenye sehemu za mbu wengi waliobeba nakala moja waliishi wakazaa, ndo maana kipo mpaka leo. Yule binti akauliza, kwa hiyo haya maumivu yangu yametokana na kitu kilichowaokoa bibi zangu? Nikamwambia ndiyo. Alikaa akaandika sana siku hiyo. Baadaye alinieleza kwamba kwao kuna watu walikuwa wanasema ni laana ya ukoo, na mama yake ndo alikuwa akitupiwa lawama. Mimi hapo ndipo nilipoacha kabisa kuiona hii mada kama mada ya maksi.

Na ndo daraja lenyewe kwenda kwa binadamu. Uteuzi wa asili, yaani wenye sifa inayofaa ndo wanabaki na kuzaana, umepita kwenye damu zetu, sio kwa furu na vimelea peke yake. Mtoto wa mchungaji aliliona kabla sijalisema.

Akalisema nyumbani mezani. Baba yake akaja shule. Mkuu wa shule alikuwa na wasiwasi, akanivuta pembeni akasema mwalimu hapa tumia busara. Mzee aliingia ametulia kabisa, "Bwana asifiwe mwalimu," "Amina mchungaji, karibu sana." Akasema mwanangu ananiambia dunia ina mamilioni ya miaka na kwamba mwili wa mtu umebadilika, nimekuja kusikia kwako mwenyewe, sitaki kusikia ya kuambiwa. Niliheshimu sana hilo. Nikamfungulia daftari la kijana, kisha nikamletea ile karatasi yenye mataya. Kumbe mzee kabla ya kuitwa kwenye utumishi alikuwa mvuvi. Akavaa miwani, akavichukua kimoja kimoja, akaanza kunitajia mimi huyu wa kwenye mawe, huyu wa kwenye tope, na kuna mwingine mweusi mweusi tulikuwa tunamvua nikiwa kijana siku hizi humpati. Tulikaa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Kuhusu samaki hakuwa na ubishi wowote, alijua mengi kuliko mimi. Mwisho akaniuliza, na mtu? Nikamjibu wazi kwamba kwa ushahidi uliopo mtu naye ana historia ndefu ya mwili wake, na kwamba darasani ndivyo ninavyofundisha. Hakukubali na mimi sikumwomba akubali. Aliomba jambo moja, nisiwadhihakie watoto Biblia. Na mimi nikamwomba moja, asimwambie kijana kwamba mwalimu wake ni mwongo, amwambie hapa mimi na mwalimu hatujakubaliana. Tukapeana mikono.

Hilo la dhihaka nimelishika mpaka leo na ndo somo kubwa nililolipata kwa mtu mzima yeyote kuhusu hii kazi. Nimewaona walimu vijana wametoka chuo wanaingia na kejeli, nyie bado mnaamini udongo na ubavu, darasa linacheka, na mtoto aliyelelewa kwenye maombi anafunga masikio siku hiyohiyo. Umemlazimisha achague kati yako na mama yake. Atamchagua mama yake, na mimi nisingetaka mtoto afanye vingine. Sasa kwa nini umuweke hapo?

Baadaye shule iliandaa safari ya Oldupai, wazazi wakachanga, tukapita Serengeti, na mchungaji alimlipia kijana wake mapema kabisa. Pale juu ukisimama unaona bonde lote na zile tabaka za udongo, rangi baada ya rangi, na ule mnara mwekundu katikati. Nikawaambia hapa chini tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliona mfupa umetokeza, mumewe Louis siku hiyo anaumwa kabaki kambini, ndo likapatikana fuvu la Zinjanthropus (Zinj), ndugu wa kale wa binadamu, na tangu 1965 fuvu lenyewe liko kwetu, Makumbusho ya Taifa Dar. Kijana wetu akauliza swali ninalolipenda kuliko yote, wamejuaje miaka? Hapa msimpe mtoto tarakimu tu, mwelezeni. Volkano ikilipuka inamwaga majivu yenye potasiamu, sehemu ndogo ya potasiamu hiyo ni ya mionzi na inageuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Wakati jiwe linayeyuka agoni ya zamani inatoka, likiganda saa inaanza upya, kwa hiyo ukipima agoni iliyonaswa ndani ya jivu unajua lilimwagika lini, na mfupa uliokutwa karibu kabisa na jivu hilo unajua umri wake kwa kukadiria. Ndivyo walivyopata miaka kama milioni 1.75. Alitulia akasema kwa hiyo hawakukisia. Hawakukisia.

Kwenye makumbusho ya pale kuna nakala ya nyayo za Laetoli, zenyewe ziko kama kilomita 45 kusini, zimefukiwa zisiharibike. Miaka milioni 3.66, viumbe walipita juu ya majivu yaliyolowa mvua, yakakauka, yakafunikwa. Kuna binti mmoja wa Kiislamu mtulivu sana darasani, alisimama pale wenzie wameshaondoka. Akanionesha kidole gumba kimelala sawa na vingine, hakijachomoza pembeni kama cha sokwe, na kisigino kilivyozama kwanza. Akasema, mwalimu huyu alikuwa anatembea kabisa kama mimi, na bado kichwa chake si mlisema ubongo ulikuwa mdogo? Nikamwambia ndiyo, miguu ilitangulia, ubongo ulikuja kukua baadaye sana. Hiyo sentensi ipo kwenye notsi zao toka kidato cha kwanza. Siku hiyo ndo aliisoma.

Njiani tukirudi nikayajibu yale maswali ya kona ya ubao maana yalikuwa bado. Hatukutokana na nyani aliyepo leo, wala sokwe wa Gombe. Wewe na binamu yako hamkuzaana, mna bibi mmoja, kila mmoja kaenda njia yake na wote mpo, basi sisi na sokwe bibi yetu wa pamoja aliishi miaka milioni sita saba huko nyuma. Ndo maana nyani bado wapo. Na lile la kwanza, mimi naamini nini, niliwajibu pia kwa sababu mtoto akikuuliza kwa moyo ukamkwepa atajua. Niliwaambia ushahidi wa evolusheni mimi naukubali wote, na jumapili mnaniona kwaya. Sitaki muamini kwa sababu mimi naamini, wala muache kwa sababu mimi nimeacha, mmeona mataya na mmeona nyayo.

Watu wa dini hawako kundi moja kwenye hili na watoto wana haki ya kujua. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu utafiti juu ya chimbuko la mwili wa binadamu, na Yohane Paulo II mwaka 1996 akasema nadharia hii ni zaidi ya dhana tu, ndo maana kwa wale masista sikuwahi kuulizwa neno. Ustaadhi mmoja tuliyefundisha naye alikuwa anakubali kwa wanyama ila kwa Nabii Adam anasema hapana, tukawa tunakunywa chai pamoja miaka yote. Louis Leakey mwenyewe alizaliwa misheni Kabete mwaka 1903, wazazi wake wamisionari. Na kuna wanaopinga wazi, Nairobi mwaka 2006 makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walitaka makumbusho yasiyape masalia ya binadamu wa kale nafasi ya mbele, Richard Leakey, mtoto wa Louis, akawapinga vikali, na yule mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 akawekwa watu wamuone. Huwa nawasimulia hiyo stori nzima bila kumbeza askofu. Alikuwa na haki ya kusema asichokubali. Ila mifupa ni yetu, kaipata Mkamba wa kwetu Afrika Mashariki kwa macho makali kuliko mtu yeyote aliyekuwepo kambini, na kuificha ni kumficha na yeye.

Kuna wanaoniuliza, basi kwa haki mbona usifundishe uumbaji nao kwenye Baiolojia, nusu kwa nusu? Sifundishi, na nina sababu. Kwenye kipindi changu kila kitu lazima kiwe na namna ya kuonekana kimekosea. Mtu akikuta fuvu la binadamu wa leo kwenye tabaka la chini kabisa la Oldupai, chini ya Zinj, tutalazimika kuandika upya vitabu. Imani ya kwamba Mungu kaumba haipimwi hivyo, na kuipima hivyo ni kuishusha, mchungaji mwenyewe hangependa niiweke kwenye darubini. Shule zetu zina vipindi vya dini, kuna mtihani wa Maarifa ya Biblia na wa dini ya Kiislamu, mahali pake papo na pana heshima. Wamarekani wamehangaika na hili toka Dayton mwaka 1925 walipomshitaki mwalimu John Scopes kwa kufundisha evolusheni, mahakama yao kuu mwaka 1987 ikakataza uumbaji kufundishwa kama sayansi shule za serikali, 2005 huko Dover watetezi wa uumbaji wakarudi tena kwa jina lingine wakashindwa tena. Ile ni vita ya katiba yao. Siku hizi vijana wetu wanaletewa vipande vya video vya kule wanakuja darasani na hasira ambazo sio zao, nawaambia sisi hatuna hiyo kesi, sisi tuna furu.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu unayeanza, ombi langu ni la kikazi kabisa. Usiiache hii mada mpaka wiki ya mwisho kabla ya moko, kwenye skimu yako ivute nyuma uiunganishe na jenetiki, na usianzie Galapagos. Wa Kigoma mna Ziwa Tanganyika lenye mamilioni ya miaka na kuhe wake na ndugu zake kibao, mnatushinda mbali. Wa Zanzibar mna kima punju pale Jozani, kwa asili hayupo popote duniani zaidi ya Unguja, waulize watoto kisiwa kilipokatika na bara nini kilimtokea. Wa Mbeya mna kipunji, nyani mzima ambaye sayansi ilimwandika mwaka 2005 tu wakati wenyeji wanamjua siku zote. Wa pwani na sisi wa ziwa tuna selimundu, mfundishe kwa upole. Mimi mataya ya furu nimeyapiga picha kwa simu, mapana na membamba, yana majina pembeni jinsi yule mchungaji alivyonitajia, mwalimu anayeyataka aniambie nimtumie.